Foronya ya Kumi na Mbili

Jumatano, tarehe nne Februari mwaka 1931, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saa hiyo inajulikana barabara, kwa sababu Otylia alipanda juu ya kiti akaishika timazi ya saa ya ukutani kwa vidole vyake mwenyewe, ikakoma kucheza. Ndivyo ilivyokuwa desturi kijijini kwetu Gołubczyno mtu anapokata roho. Saa husimamishwa, kioo hufunikwa, na mmoja wa nyumbani hutoka nje kuwaambia ng'ombe na nyuki kwamba mwenye nyumba hayupo tena.

Otylia Formela alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Binti yake Trudka ndiye aliyenisimulia haya, kidogo kidogo kwa miaka mingi, akanikataza nisiyaseme maadamu yu hai. Trudka tumemzika wiki tatu zilizopita. Basi nayasema.

Asubuhi ya siku ile haikuwa na neno. Theluji ilianguka usiku kucha, kulipopambazuka ikanyamaza. Brunon, mume wa Otylia, alikaa karibu na jiko akibambua mizizi ya msonobari kwa kisu. Kazi yake ilikuwa kusuka vikapu, vile vya kwetu vinavyobanwa kwa mizizi hata ukitia maji hayavuji. Alikuwa na kikohozi tangu Krismasi. Alikula viazi viwili na kipande cha samaki wa chumvi, akaanza kumtania binti yake aliyekuwa dirishani na sindano.

"Trudka, hayo matandiko ya ndoa utamaliza kuyadarizi lini? Mchumba atafika akukute bado unatafuta tundu la sindano."

"Mchumba gani, Baba? Vijana wote wa hapa wananuka ugoro kama wewe."

"Basi subiri anayenuka samaki. Utaukumbuka ugoro wangu."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akasema ajilaze kidogo. Alasiri Otylia alimpelekea kikombe cha maziwa ya moto. Aliita mara mbili. Kikombe hakukiangusha, alikiweka mezani taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu, ndipo akaenda kuisimamisha saa.

Jioni alikuja Marta Kreft na beseni lake. Kijiji kizima kilimwita Bibi Kreftka, na hapakuwa na maiti iliyokwenda makaburini pasipo kupita mikononi mwake. Akafunga mlango wa chumba, maana wasichana ambao hawajaolewa hawaingii maiti inapooshwa. Trudka alibaki jikoni akichemsha kahawa ya shayiri kwa ajili ya waimbaji wanaokesha na maiti. Ndani walikuwa wawili tu, Otylia na bibi.

Bibi Kreftka alimfumba marehemu macho. Jicho la kushoto likafunguka. Akalifumba tena, akalishikilia kwa kidole gumba muda wa Salamu Maria tatu. Alipoondoa kidole, likafunguka polepole, likatulia hapo.

"Huyu alizaliwa na meno," alisema kwa sauti ya chini. "Mawili, hapa mbele. Marehemu mama yangu ndiye aliyekuwa mkunga. Aliniambia."

"Najua, Bibi. Mama mkwe aliniambia nilipoolewa. Lakini Brunon hajawahi kumrushia jiwe hata paka wa jirani."

"Nani kasema alikuwa mbaya? Wa namna hii huwa wapole, mwanangu. Shida yao wanapenda watu wao kupita kiasi. Wakifika kule, wanaona upweke."

Akatoa mfukoni msalaba mdogo wa mti, mdogo kama ukucha, akamwekea marehemu chini ya ulimi. Kisha akashika ukosi wa shati.

"Herufi," alisema.

Kijijini nguo zote zilifuliwa pamoja ziwani barafu inapoyeyuka, kwa hiyo kila kitambaa kilitiwa pembeni herufi mbili za mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nguo isiyo na herufi ilikuwa nguo ya mtu asiye na kwao.

"Chochote kinachoingia naye jenezani kisiwe na jina la mtu. Akilikuta jina, atalitafuna. Akilimaliza, mwenye jina atamfuata. Fumua, mwanangu. Usiache hata uzi mmoja."

Otylia alifumua. Alifumua ukosi wa shati, pindo la suruali, soksi, na pembe nne za shuka. Bibi Kreftka alivikagua vyote kwenye mwanga wa mshumaa, akavipapasa kwa vidole kama kipofu. Vyote vilikuwa safi.

Ilibaki foronya. Seremala alileta jeneza pamoja na mfuko wa maranda yake, kwa kuwa mto wa maiti hujazwa maranda ya jeneza lake mwenyewe. Otylia alifungua mlango kidogo.

"Trudka, nenda kabatini ulete foronya ile kuukuu isiyo na alama. Uijaze haya."

Baada ya kitambo mkono wa Trudka ulipitisha mto mlangoni. Ulikuwa mweupe, umeshonwa mdomo. Otylia alikuwa analia. Hakuutazama mara mbili.

Waimbaji waliimba kila usiku mpaka Jumamosi, kama inavyopasa. Walikunywa kahawa, wakapitishiana pembe ya ugoro. Augustyn Hinc, mchimba makaburi, alipiga chafya katikati ya wimbo hata mshumaa ukayumba.

"Augustyn, utamwamsha!" alinong'ona mmoja.

"Aamke tu, ajichimbie mwenyewe. Ardhi ya mwezi huu ni chuma."

Wakacheka chini kwa chini, na Otylia naye akatabasamu, maana Brunon angeipenda hiyo. Jumamosi walimtoa. Waligongesha jeneza kizingitini mara tatu ili aage, wakapindua viti vilivyobeba jeneza ili asirudi kuvitafuta. Kila kitu kilifanywa sawasawa. Otylia alikuwa na uhakika huo.

Wiki moja ikapita. Siku moja adhuhuri walikuwa wakimenya viazi. Trudka akainua kichwa.

"Naam, Baba?"

Kisu cha Otylia kikasimama. "Unaongea na nani?"

Trudka akatazama mlango, kisha akamtazama mama yake, uso ukambadilika. "Nimezoea tu, Mama," alisema. "Nilidhani kaniita."

Tangu hapo alianza kulala mchana, yeye aliyekuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kukaa. Akakonda. Midomo ilikuwa myekundu lakini mikono baridi. Jumatano ya Majivu alikwenda kanisani ameshikwa mkono, na aliporudi alijilaza akiwa na majivu kwenye paji la uso. Daktari wa mjini alikuja kwa gari la farasi. Akamsikiliza kifua, akamtazama ulimi, akasema damu imepungua, wampe maini na divai nyekundu. Wakampa. Alitapika vyote.

Jumatatu iliyofuata Otylia alikuwa akipiga pasi. Alichukua aproni ya Trudka, akageuza pembe kama mkono wake ulivyozoea. Kulikuwa na herufi moja tu. F ya Formela ilikuwepo. G ya Gertruda, ambalo ndilo jina la Trudka la ubatizo, haikuwepo.

Akadhani imechanika. Akaisogeza dirishani. Kitambaa kilikuwa kizima. Matundu ya sindano yalikuwepo yote, yamejipanga katika umbo la herufi, ila uzi hakuna. Sakafuni pia hakuna. Na hapo pembeni pasi ilikuwa bado haijapita, lakini palikuwa na unyevu wa uvuguvugu, kama kitambaa kilichotoka kinywani mwa mtoto mchanga.

Hakupiga kelele. Aliiweka pasi mahali pake, akaenda kwenye kasha la Trudka la ndoa, akapiga magoti, akalifungua. Mashuka sita. Taulo. Mitandio. Alama ya G haikuonekana hata kwenye kimoja. Chini kabisa zilikuwepo foronya, zile alizozidarizi kwa maua ya buluu miaka mitatu mizima. Zilipasa kuwa kumi na mbili. Alihesabu kumi na moja. Akahesabu tena.

Katika nne kati ya hizo, hata F ilikuwa imekwenda.

Alikwenda akaketi ukingoni mwa kitanda cha binti yake.

"Trudka. Foronya ya kumi na mbili iko wapi?"

Trudka alifumbua macho. "Usinikasirikie, Mama. Nilimpa Baba."

"Nilikwambia ulete ile ya kabatini."

"Ilikuwa na kiraka. Baba yangu alalie kiraka mpaka siku ya mwisho? Niliona aibu."

"Herufi ulifumua?"

"Kwa nini nifumue? Nilizikunjia ndani ya pindo ili msizione mkanirudishia." Machozi yakamtoka pembeni. "Nilitaka ajue ni mimi niliyempa."

Otylia alimshika mkono. Baada ya muda Trudka alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya furaha kidogo, kama ya mtoto anayesimulia siri.

"Anajua, Mama. Ndiyo maana ananiita."

Siku hiyohiyo Otylia alivaa koti akaenda kwa padri. Padri Wensierski alikuwa mtu mwema, mpole, msomi. Alimpa kiti karibu na jiko, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Wafu hawali nguo, Otylia," alisema.

"Najua, Baba."

"Wafu wako mikononi mwa Mungu. Kaburi la Mkristo halifunguliwi kwa sababu ya uzi. Mtoto ana ugonjwa wa damu na huzuni. Nitakuja kumpa Komunyo, na nitamwombea Brunon kwenye Misa."

"Asante, Baba. Na herufi je?"

Padri alikuwa amezaliwa huku huku kwetu, na mama yake pia alikuwa na kasha. "Kaombe, mwanangu," alisema hatimaye. "Na usiliangalie tena kasha."

Otylia aliomba. Usiku na mchana rozari haikutoka mkononi. Lakini kasha aliliangalia. Jumatano zilibaki foronya tano zenye F. Ijumaa zikabaki mbili. Trudka alikuwa haongei tena na mtu wa mle ndani. Aliitika tu. "Naam, Baba. Naja, Baba." Mara nyingine alicheka.

Ijumaa jioni Otylia aliwaita Bibi Kreftka na Augustyn, akawawekea kasha wazi mezani. Augustyn alitazama, akaivua kofia yake.

"Itolewe," alisema bibi. "Na akishatolewa foronya, Augustyn atumie ukingo wa koleo. Shingoni. Kichwa kiwekwe miguuni. Ndivyo wazee walivyofanya."

"Hamtamkata mume wangu," alisema Otylia.

"Basi utazika wawili."

"Nimesema hamtamkata, Bibi. Miaka ishirini na sita nimelala naye. Hakuna atakayemtia koleo."

Augustyn alijikuna kidevu. "Mama Trudka, mimi sitafungua kaburi usiku. Unisamehe. Hata unipe ng'ombe."

"Sitaki usiku. Keshokutwa Jumapili, wakati wa Misa kubwa. Kijiji chote kitakuwa ndani. Makaburini hakutakuwa na mtu."

Wakamtazama. Otylia hakuwahi kukosa Misa ya Jumapili tangu alipojifungua Trudka. Alijua anachosema. Alijua pia ni dhambi ya aina gani.

Jumapili hiyo, tarehe mosi Machi, jua liliwaka juu ya theluji hata macho yakauma. Foronya yenye alama ilibaki moja, nayo F yake imebaki mguu tu, mishono mitatu au minne. Bibi Kreftka alikaa na Trudka, amemfunga mkono kwa rozari kwenye nguzo ya kitanda. Otylia na Augustyn walipanda kilima cha makaburi. Chini kanisa lilikuwa limejaa, na nyimbo za Kwaresima ziliwafikia pale juu, hafifu, kama zinatoka chini ya maji.

Augustyn alivunja tabaka la juu kwa sururu. Chini udongo ulikuwa laini. Laini mno, alisema. Kwa baridi ile ulipasa kuwa jiwe. Alichimba haraka, akisema Baba Yetu kwa pumzi fupifupi. Koleo likagonga ubao.

Akasimama.

"Unasikia?"

Otylia alisikia. Sauti ndogo. Polepole. Kama ng'ombe anayecheua gizani.

"Fungua," alisema.

"Mama Trudka..."

"Fungua, Augustyn."

Akang'oa misumari miwili ya kichwani, akainua kipande cha kifuniko. Kisha akapanda juu, akageuka upande wa pili, akafunika uso kwa kofia. Otylia akashuka mwenyewe.

Ilikuwa siku ya ishirini na mbili tangu azikwe. Uso wa Brunon ulikuwa mwekundu, mzuri, kama wa mtu aliyeingia nyumbani kutoka kwenye baridi. Jicho la kushoto lilikuwa wazi. Mikono iliyofungwa kwa rozari juu ya kifua haikuwa imesogea. Kichwa tu ndicho kilichogeuka. Kilikuwa kimegeukia kwenye mto, na pembe ya mto ilikuwa mdomoni mwake, mpaka nyuma ya meno.

Taya ilikuwa inakwenda.

Otylia alishika foronya akavuta. Haikutoka. Akavuta kwa mikono yote miwili. Kichwa kikaja nayo, kikainuka, kikamkaribia, jicho likimtazama. Hakuachia. Wala yule hakuachia. Mshono ukachanika, maranda yakamwagika, lakini pembe ilibaki pale pale. Katikati ya meno aliona kipande cha uzi mwekundu. Kifupi kama kope.

Chini kanisani nyimbo zikakoma. Alijua ni nini kinakuja. Ni mageuzo, mkate kugeuka Mwili wa Bwana, na baada yake kengele.

Hakuvuta tena. Alipiga magoti juu ya ubao, akamsogelea mumewe sikioni. Augustyn, aliyekuwa juu, alisikia kila neno, na mpaka anakufa hakulisahau hata moja.

"Brunon," alinong'ona. "Ni mimi. Huyo ni mtoto. Hajala chochote cha dunia hii bado. Mwache."

Taya ikaendelea.

"Najua uko peke yako. Najua. Lakini hukumwoa yeye. Uliniapia mimi, mbele ya altare." Akafungua leso ya kichwani mwake, leso ya mke wa mtu, yenye O na F pembeni kwa uzi mwekundu. Akaikunja mpaka herufi zikawa mbele. Akaisogeza midomoni. "Shika hii. Mimi ndiye wako."

Taya ikasimama.

Kengele ya mageuzo ikalia, mara tatu. Meno yakaachana. Hakuna aliyeyagusa. Yaliachana taratibu, kwa adabu, kama mtu anayefungua mlango kwa mgeni. Otylia akaichomoa foronya, ikiwa imelowa, na akaiweka leso mahali pake.

Meno yakafunga. Hayakumuuma kidole.

Walifukia kaburi. Foronya Otylia aliificha kifuani ili akaichome jikoni. Aliteremka kilima kichwa wazi, nywele zenye mvi zikiwa nje, na watu waliokuwa wakitoka Misa walimwona. Mke wa Formela, mjane wa mwezi mmoja, kichwa wazi Jumapili ya Kwaresima! Wanawake walikanyagana miguu. Hakumtazama mtu.

Nyumbani Trudka alikuwa ameketi kitandani akila mkate. "Mama, njaa inaniuma," alisema. "Na huyu bibi kanifunga kama mbuzi."

Otylia akalia, akambusu mikono. Bibi Kreftka aliinuka akiwa anacheka kwa furaha, ndipo akaona kichwa cha Otylia. Kicheko kikakatika.

"Mwanangu," alisema polepole. "Leso yako iko wapi?"

"Imebaki."

Bibi Kreftka akaketi tena. Akafanya ishara ya msalaba.

Wiki zile za mwisho Trudka alizikumbuka kuwa nzuri kuliko zote za maisha yake. Alipata nguvu siku kwa siku. Mama yake alikuwa mpole kupita kawaida, akimfundisha mambo upesi upesi: kiasi cha chumvi katika unga wa mkate, ng'ombe yupi hakamuliwi na mtu anayeimba, namna ya kuloweka mizizi isikatike wakati wa kusuka. Trudka alidhani ni upweke. Siku moja tu alishtuka. Otylia alikuwa akikanda unga, akainua uso ghafla, akatabasamu kama msichana.

"Naam, Brunon. Subiri kidogo."

Kisha akaendelea kukanda.

Alikwenda kuungama Jumapili ya Matawi. Alikaa kizimbani muda mrefu, na padri alipotoka alikuwa mweupe kama kanzu yake ya Misa. Ijumaa Kuu asubuhi, kabla ya watu kwenda kwenye Njia ya Msalaba, Trudka alimkuta amelala na mikono kifuani, ameshajifunga rozari mwenyewe. Kengele haikumlilia. Siku hizo kengele hufungwa, na watoto hupita mitaani na kayamba za mbao. Alikwenda na kelele za mbao tu.

Bibi Kreftka alimwosha, na safari hii Trudka aliingia, desturi au si desturi. Walileta nguo zake zote, mashuka yake, taulo, soksi, ili wafumue. Walizigeuza moja moja mpaka mshumaa ukafika chini. Hapakuwa na cha kufumua. Katika nyumba nzima hapakuwa na kitambaa kimoja kilichobaki na jina la Otylia.

Alizikwa Jumanne baada ya Pasaka, ubavuni mwa mumewe. Trudka aliishi, akaolewa, akazaa watoto wanne, akafika miaka sabini na miwili. Hakutia alama kwenye nguo yoyote tena maisha yake yote, na majirani walimcheka kwamba siku moja atavaa chupi za watu. Alikuwa akicheka nao.

Lakini liko jambo moja ambalo Augustyn alilifikisha kwa Trudka akiwa mzee, karibu kufa, na Trudka akanifikishia mimi.

Asubuhi ile ya Jumanne, alipokuwa akichimba shimo la Otylia, ukuta wa udongo ulibomoka upande wa Brunon, na ubao wa ubavuni wa jeneza ukaanguka. Otylia alikuwa bado nyumbani, kwenye viti vyake, watu wakimwimbia. Augustyn akatazama ndani bila kutaka. Akamwita padri. Padri alikuja na koti juu ya kanzu, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

Brunon walimzika chali, katikati. Sasa alikuwa amelala kwa ubavu, mgongo umebanwa kabisa kwenye ubao wa mbali, amejikunyata, kama mume anayempisha mkewe kitandani. Macho yote mawili yalikuwa yamefumba. Mbele yake palikuwa na nafasi tupu. Na shuka katika nafasi hiyo ilikuwa imebonyea, bega, nyonga, magoti, alama ya mwanamke mwenye umbo dogo aliyelala hapo akamwelekea.

"Funika," alisema padri.

Augustyn alichukua ubao. Kabla ya kuurudisha alipeleka mkono akaugusa ule mbonyeo. Mwenyewe hakujua kwa nini. Udongo wote pembeni ulikuwa bado na barafu.

Pale kwenye shuka palikuwa na joto.

Ee Bwana, uwape raha ya milele watumishi wako Brunon, na Otylia, na Trudka wetu. Usiwahesabie walivyopendana vibaya. Mwanga wa milele uwaangazie, nao wapumzike kwa amani. Amina.